Maana ya maneno ya madai katika rufaa ya hataza Marekani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu umeandikwa kwa wavumbuzi, mawakili wachanga, wanafunzi wa sheria na watafsiri waliojikuta ndani ya rufaa ya hataza (haki ya kuwazuia wengine kutumia uvumbuzi wako) nchini Marekani na kugundua kwamba ugomvi wote uko juu ya neno moja au mawili. Jambo moja nalisema mapema, kwa sababu nimeona linavyowaumiza watu wenye uvumbuzi mzuri: mamlaka za rufaa hazitauliza ulikusudia nini. Zitafungua jalada na kusoma kilichoandikwa. Mwenye kulijua hilo mapema huandika tofauti, na akifika kwenye rufaa hubishana tofauti.

Dai ni nini hasa, na kwa nini maneno yake yanagombaniwa hivi?

Hati ya hataza (wengine husema patenti) ina maelezo ya uvumbuzi, michoro pale inapohitajika, na mwishoni madai yenye namba. Maelezo yanafundisha, madai yanaweka mpaka. Kila dai ni sentensi moja, hata ikijaza ukurasa mzima, na kila kipengele ndani yake ni sharti. Ukipanua maana ya neno, unapata eneo kubwa zaidi la kuwazuia wengine, lakini pia unajisogeza karibu na mambo yaliyokwishajulikana kabla yako, na hapo dai linaweza kukataliwa. Ukilibana neno, dai linakuwa salama zaidi lakini mshindani analikwepa kirahisi. Mvutano huo ndio chanzo cha karibu kila ubishi utakaousoma hapa chini.

Mfano unaotajwa kila mahali ni kesi ya Markman dhidi ya Westview. Hataza ilihusu mfumo wa kufuatilia nguo zinazopita kwa dobi. Dai lilitumia neno "inventory", yaani orodha ya vilivyopo. Je, linahusu nguo zenyewe, au hesabu ya fedha inatosha? Mfumo wa Westview, aliyeshtakiwa, ulihifadhi kumbukumbu za ankara na malipo, haukufuatilia nguo. Baraza la wazee wa mahakama (jury) lilimpa ushindi Markman. Jaji akautengua: kwa maana sahihi ya neno, alisema, lazima nguo zenyewe zifuatiliwe. Hataza nzima ikaegemea neno hilo moja.

Nani mwenye kauli ya mwisho juu ya maana?

Kesi hiyohiyo ndiyo iliyojibu. Mwaka 1996 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kauli moja, ilisema kutafsiri madai ni kazi ya jaji, si ya baraza la wazee. Kwa maombi ambayo bado yako kwenye ofisi ya hataza, mkaguzi ndiye anayeanza kutoa maana, Bodi ya Majaribio na Rufaa za Hataza inamkagua, na juu yao kuna Mahakama ya Rufaa ya Federal Circuit iliyoko Washington, iliyoanzishwa mwaka 1982 na inayopokea rufaa za hataza kutoka nchi nzima. Mahakama ya Juu huchagua kesi chache tu, kwa hiyo kivitendo Federal Circuit ndiyo kituo cha mwisho cha wengi.

Mkaguzi amenikatalia. Njia ya rufaa ikoje?

Dai likishakataliwa mara mbili, unaweza kukata rufaa kwa Bodi. Unaanza kwa notisi ya rufaa, kisha ndani ya miezi miwili tangu kuiwasilisha unaleta hoja zako za maandishi. Mkaguzi anatoa majibu yake. Una miezi miwili mingine ya kuleta hoja za kujibu ukitaka, na ndani ya muda huohuo kuna ada ya kulipeleka jalada mbele ya Bodi. Usiisahau, maana bila hiyo rufaa inakufa. Kwa kawaida majaji watatu wa Bodi wanaamua. Usiporidhika, una siku 63 tangu uamuzi wa mwisho kwenda Federal Circuit, au ndani ya muda uleule kufungua kesi ya kiraia katika mahakama ya shirikisho ya Mashariki mwa Virginia.

Tofauti ya njia hizo mbili ina uzito. Federal Circuit inasoma jalada lilelile, basi. Virginia unaweza kuleta ushahidi mpya. Kama tatizo lako ni maana ya neno na jalada lako limeandikwa vizuri, njia ya kwanza kwa kawaida inatosha.

Ni kipimo gani kinachotumika kupata maana?

Vipo viwili, na kuvichanganya ni kosa la gharama.

Kwa maombi yanayokaguliwa, ofisi ya hataza hulipa neno tafsiri pana zaidi iliyo ya busara, kwa kadiri mtaalamu wa kawaida wa fani husika angeielewa baada ya kusoma maelezo ya uvumbuzi. Sababu yake inaeleweka: mwombaji bado ana nafasi ya kurekebisha dai, basi ni afadhali neno lisomwe kwa upana sasa, ili lisije likatoka na mipaka ya mashaka na kuwasumbua watu baadaye.

Kwa hataza iliyokwishatolewa na kufikishwa mahakamani, kipimo ni kile cha kesi ya Phillips dhidi ya AWH ya mwaka 2005: maana ya kawaida na ya mazoea ambayo neno lingekuwa nayo kwa mtaalamu wa fani hiyo wakati wa uvumbuzi, baada ya kusoma hati yote.

Katikati yao kuna mashauri ya kupinga hataza mbele ya Bodi, yaliyoanza Septemba 2012 chini ya sheria ya mwaka 2011. Mwanzoni yalitumia tafsiri pana, na Mahakama ya Juu ililikubali hilo mwaka 2016 katika kesi ya Cuozzo. Baadaye ofisi yenyewe ilibadili kanuni: maombi ya kupinga yaliyowasilishwa kuanzia tarehe 13 Novemba 2018 yanatumia kipimo cha Phillips. Kwa hiyo ukisoma uamuzi wa zamani wa Bodi, tazama kwanza tarehe ya ombi, la sivyo utanukuu kipimo kisichokuhusu.

"Pana zaidi" maana yake mkaguzi anaweza kulivuta neno popote?

Hapana, na hapa ndipo waombaji wengi wanaacha silaha yao bora nyumbani. Neno la kushikilia katika kipimo hicho ni "busara".

Mwaka 2017 Federal Circuit iliamua rufaa ya Smith International. Uvumbuzi ulikuwa kifaa cha kuchimbia visima, na dai lilitaja "body", yaani kiwiliwili cha kifaa. Mkaguzi alilichukua neno hilo kama jina la jumla linaloweza kubeba hata sehemu nyingine za ndani, na Bodi ikamuunga mkono kwa hoja kwamba maelezo hayakulifafanua neno wala hayakukataza usomaji huo. Mahakama ilitengua. Ilisema swali si kama maelezo yanakataza usomaji mpana wa mkaguzi, wala si kama usomaji huo haupingani nayo. Swali ni usomaji gani unalingana na kile mvumbuzi alichokieleza na namna alivyokieleza. Katika hati ile, kiwiliwili kilitajwa siku zote kama sehemu yake peke yake, mbali na zile nyingine.

Naipenda hukumu hii kwa sababu inamrudishia mvumbuzi haki yake. Ukikutana na mkaguzi anayesema "hakuna mahali ulipokataza", mjibu kwa Smith, kisha mwonyeshe aya kwa aya jinsi ulivyolitumia neno.

Naweza kuleta kamusi?

Unaweza, lakini usianze nayo. Kulikuwa na kipindi kifupi, baada ya kesi ya Texas Digital ya mwaka 2002, ambapo kamusi ilipewa kiti cha mbele: unafungua kamusi, unachukua maana zote zinazowezekana, halafu unatazama kama hati inakanusha yoyote. Phillips ilikomesha utaratibu huo. Kamusi inatoa maana ya neno likiwa peke yake hewani. Dai limeandikwa na mtu fulani, kueleza kitu fulani, kwa wasomaji wa fani fulani.

Mpangilio wa sasa ni huu: kwanza maneno ya dai lenyewe na madai yaliyo jirani yake, kisha maelezo ya uvumbuzi na michoro, kisha jalada la maombi, yaani barua zote kati yako na mkaguzi. Huo ndio ushahidi wa ndani. Kamusi, vitabu vya fani na maoni ya wataalamu ni ushahidi wa nje. Unasaidia, hasa kuonyesha jinsi watu wa fani wanavyosema, ila hauwezi kuupindua ule wa ndani pale unapokuwa wazi.

Mfano ulio kwenye maelezo yangu unaweza kulibana dai langu?

Swali hili ndilo gumu kuliko yote katika fani hii, na anayekwambia kuna kanuni rahisi ya kulimaliza anakudanganya. Unatakiwa kulisoma dai kwa mwanga wa maelezo, na papo hapo hutakiwi kuchukua sharti lililo kwenye maelezo na kulipandikiza ndani ya dai. Mstari kati ya mambo hayo mawili ni mwembamba.

Kaa na kesi ya Phillips kidogo. Edward Phillips alibuni paneli za kuta zenye ganda la chuma, imara dhidi ya uharibifu. Dai lake lilitaja "baffles" za chuma, yaani bamba zinazoingia ndani kutoka kwenye ganda ili kuongeza uwezo wa ukuta kubeba mzigo. Maelezo na michoro vilionyesha bamba zilizoinama, na yakasema kwamba mwinamo huo husaidia kupotosha risasi. Mshtakiwa alisema: basi, bamba lililosimama wima kwa nyuzi 90 si "baffle". Mahakama ya wilaya ilikubali kizuizi hicho, na jopo la kwanza la rufaa likakubali pia.

Majaji wa Federal Circuit walipokaa wote pamoja waligeuza. Walitazama nini? Walitazama dai la pili, tegemezi (yaani linalobeba masharti ya dai jingine na kuongeza lake), lililosema kwamba bamba zimewekwa kwa pembe za kupotosha risasi. Kama neno "baffles" peke yake lingekuwa tayari na maana hiyo, dai la pili lisingekuwa na kazi. Waliona pia kwamba maelezo yalizipa bamba kazi kadhaa: kubeba mzigo, kugawa nafasi ya ndani ili kuweka vizuizi vya joto na sauti, na kupotosha risasi. Si lazima kila bamba litimize kazi zote kila mara. Hivyo neno likabaki na maana yake ya kawaida: kitu cha kuzuia au kupunguza mwendo wa kitu kingine.

Somo la kivitendo kwa mwandishi wa madai ni kuwa na madai tegemezi yanayotaja waziwazi kile ambacho hutaki kisomwe ndani ya dai kuu. Yanalinda kimyakimya, miaka kabla ya mtu kufikiria rufaa.

Je, naweza kujitungia maana ya neno?

Ndiyo. Mvumbuzi anaruhusiwa kulipa neno maana yake mwenyewe, hata ikitofautiana na ya mitaani, mradi alifafanue waziwazi katika maelezo. Vilevile anaweza kuikana waziwazi sehemu ya maana ya kawaida. Kesi ya Thorner dhidi ya Sony ya mwaka 2012 ilisema hizo ndizo njia mbili za kutoka kwenye maana ya kawaida, na zote mbili zina masharti magumu. Dai pale lilihusu kifaa cha michezo ya video chenye vitu vya kutetemesha vilivyo "attached", yaani vilivyoambatishwa, kwenye pedi. Mahakama ya chini ilisema kuambatisha ni kwa nje tu. Rufaa ikasema hapana: kutumia neno kwa namna moja katika mifano yote hakutoshi kuwa ufafanuzi. Kitu kinaweza kuambatishwa ndani pia.

Ukitaka ufafanuzi wako uheshimiwe, andika "katika hati hii, neno fulani lina maana ya…" na umalize sentensi.

Niliyomwambia mkaguzi yanaweza kunirudia?

Yatakurudia, na ni haki yakurudie. Tuseme ulimwambia mkaguzi kwamba kihisio chako ni tofauti na kile cha zamani kwa sababu chako hakina waya. Mkaguzi akaridhika, hataza ikatoka. Miaka mitano baadaye huwezi kusimama mahakamani na kudai kwamba "kihisio" kinajumuisha chenye waya. Umma una haki ya kutegemea ulichosema. Federal Circuit ililieleza hilo kwa urefu katika Omega dhidi ya Raytek mwaka 2003, ikitaka kauli ya kujivua iwe wazi na isiyo na utata. Mwaka 2017, katika Aylus dhidi ya Apple, ikaongeza kwamba hata unayosema ukitetea hataza mbele ya Bodi yanahesabika.

Hoja za rufaa ni sehemu ya jalada. Kabla hujaandika sentensi ya kujitofautisha na hati ya mkaguzi, yaani hati ya zamani anayoitumia kukukatalia, jiulize kama ungependa kuisoma tena ikiwa mkononi mwa wakili wa mshindani wako.

Kama dai lina kosa la wazi, mahakama italisahihisha?

Mara chache sana. Kesi ya Chef America dhidi ya Lamb-Weston ya mwaka 2004 ni ya kusikitisha na kila mwandishi wa madai aijue. Dai lilieleza njia ya kutengeneza chakula cha donge la unga, likasema donge lipashwe joto "hadi" nyuzijoto kati ya 400 na 850 za Fahrenheit. Bila shaka aliyeandika alifikiria joto la tanuri. Lakini lililoandikwa, kwa Kiingereza, ni "to" badala ya "at", na kwa maneno hayo donge lenyewe ndilo linapaswa kufika joto hilo. Donge likifika nyuzi 400 linakuwa mkaa. Mahakama ilikiri hivyo, ikasema hata hivyo neno halina utata, na si kazi yake kuandika dai upya. Aliyeshtakiwa hakuwa akiunguza donge lake, akashinda.

Mlango upo mwembamba: kwa mujibu wa Novo Industries ya mwaka 2003, mahakama inaweza kusahihisha kosa iwapo sahihisho haliwezi kubishaniwa kwa busara na jalada halionyeshi usomaji mwingine. Usiutegemee. Ukiona kosa hataza ikiwa mkononi, tumia taratibu za kusahihisha za ofisi mapema.

Vipi kuhusu viunganishi na maneno madogo?

Hayo ndiyo yanayoua. "Comprising" linaacha mlango wazi: chenye vitu hivi na vingine vinaweza kuongezwa. "Consisting of" linaufunga: hivi tu. "A" au "an" baada ya "comprising" kwa kawaida husomwa kama kimoja au zaidi. Na katika SuperGuide dhidi ya DirecTV ya mwaka 2004, dai lilisema "at least one of" likifuatiwa na orodha ya vitu vinne vilivyounganishwa kwa "and". Mahakama ilisoma kwamba inatakiwa angalau kimoja katika kila kundi kati ya yale manne. Kimoja kutoka orodha nzima hakitoshi. Ukitaka "chochote kati ya hivi", tumia "or" au eleza kwenye maelezo unavyolitumia fungu hilo.

Mahakama ya rufaa inauheshimu uamuzi wa chini?

Kwa miaka mingi haikuuheshimu hata kidogo. Tangu kesi ya Cybor ya mwaka 1998, Federal Circuit ilikuwa ikitafsiri kila kitu upya. Teva dhidi ya Sandoz, tarehe 20 Januari 2015, ndiyo iliyobadilisha. Hataza ilihusu dawa ya Copaxone ya ugonjwa wa multiple sclerosis, na neno lililogombaniwa lilikuwa "molecular weight", uzito wa molekuli. Kwa mchanganyiko wa polima kuna njia tatu za kupata wastani wa uzito huo, na zinatoa majibu tofauti. Dai halikusema ni ipi. Mtaalamu wa Teva alieleza mchoro mmoja uliokuwa unaonekana kupingana na usomaji wa upande wake, na jaji wa wilaya akamwamini.

Mahakama ya Juu, majaji saba dhidi ya wawili, ilisema hivi. Jaji akisoma ushahidi wa ndani peke yake, hilo ni suala la sheria na rufaa inaliangalia upya kabisa. Akiamua jambo la kweli linalotokana na ushahidi wa nje, kwa mfano wataalamu wa fani huelewaje neno fulani, rufaa haiwezi kuligeuza mpaka ione kosa la dhahiri. Hata hivyo hitimisho juu ya maana ya neno ndani ya dai linabaki suala la sheria. Na tazama mwisho wake: kesi iliporudi Federal Circuit, Juni 2015, mahakama iliuheshimu ukweli uliopatikana chini, lakini bado ikaamua kwamba dai halina mipaka inayoeleweka. Teva ilishinda kanuni ikapoteza dai.

Kwa uamuzi wa Bodi hali inafanana: sheria inaangaliwa upya, na ukweli unabaki iwapo una ushahidi wa kutosha kuubeba.

Naweza kuleta ushahidi wa mtaalamu nikiwa tayari kwenye rufaa?

Karibu haiwezekani. Kiapo cha mtaalamu kiwekwe kwenye jalada mkaguzi akiwa bado analishughulikia ombi. Ukishakata rufaa, mlango wa ushahidi mpya unafungwa isipokuwa kwa hali chache. Hoja pia ni hivyohivyo: usiyoitaja kwenye hoja zako za kwanza, Bodi ina haki ya kuiacha, na Federal Circuit kwa kawaida haitakubali kusikia tafsiri ambayo haikuletwa chini.

Bodi ikija na maana ambayo hakuna aliyeisema?

Katika rufaa dhidi ya mkaguzi, kama Bodi inategemea sababu mpya ya kukataa, inapaswa kuitangaza hivyo, na wewe unachagua: kurudi kwa mkaguzi na marekebisho au ushahidi, au kuomba Bodi isikilize upya, ndani ya miezi miwili. Kama uamuzi unaonekana umebadilisha msingi bila kusema, sema kwamba ni sababu mpya. Watu wanasahau, na wanapoteza nafasi ya kujibu.

Katika mashauri ya kupinga hataza, kesi ya Qualcomm dhidi ya Intel ya mwaka 2021 inasaidia. Pande zote mbili zilikubaliana kwamba dai linahitaji kuongezeka kwa upana wa mawimbi. Bodi ikaliondoa sharti hilo katika uamuzi wa mwisho bila kuwapa nafasi ya kulizungumzia. Federal Circuit ilitengua na kurudisha shauri.

Hoja ya maana iandikweje?

Hapa nina maoni makali. Hoja dhaifu ninazozisoma zina umbo moja: kurasa tatu za kueleza jinsi uvumbuzi ulivyo mzuri, kisha sentensi kwamba hati ya mkaguzi "haionyeshi" kipengele fulani. Kanuni za Bodi zenyewe zinasema kuonyesha tu dai linasema nini hakuhesabiki kuwa hoja ya kulitetea dai hilo peke yake. Mzunguko huo hauendi popote, kwa sababu mkaguzi anaona kipengele kipo, kwa maana yake.

Taja neno. Taja maana unayoitaka, kwa sentensi kamili inayoweza kuwekwa mahali pa neno lile ndani ya dai. Taja aya na mchoro unaoibeba, kwa namba. Eleza kwa nini maana ya mkaguzi inafanya sehemu nyingine ya dai isiwe na kazi, au inapingana na jinsi hati ilivyolitumia neno. Kisha, na hili ndilo linaloachwa mara nyingi, onyesha kwamba kwa maana yako hati ya mkaguzi inaanguka. Mahakama hutafsiri tu maneno yenye ubishi, na kwa kiasi kinachohitajika kumaliza ubishi. Kama unashindwa kwa maana zote mbili, usipoteze kurasa.

Na usiwe na maneno saba. Chagua moja, mawili.

Ni bora nikate rufaa au nibadilishe dai?

Kama sentensi moja iliyoongezwa itamaliza ubishi na haitakunyang'anya unachokihitaji sokoni, ibadilishe. Rufaa inachukua muda mrefu. Ila marekebisho yana bei: tangu kesi ya Festo ya mwaka 2002, dai lililobanwa ili kupata hataza linakuwekea dhana kwamba umekiachia kile kilichokuwa kati ya dai la zamani na jipya, hata kwa vitu vinavyolingana na uvumbuzi wako bila kufanana neno kwa neno. Ukiona maana ya mkaguzi ni kosa tupu, na kulibana dai kutakata kiini cha uvumbuzi, pigania maana.

Naweza kusema neno ni pana dhidi ya mshindani na jembamba ninapotetea uhalali?

Huwezi. Mahakama ya Juu ilisema mwaka 1886, katika White dhidi ya Dunbar, kwamba dai si pua ya nta ya kupindwa huku na huku. Federal Circuit ilirudia kanuni hiyo mwaka 2001 katika kesi ya Amazon dhidi ya Barnesandnoble.com: maana ni moja kwa uhalali na kwa ukiukaji.

Nikishinda juu ya maana, nimepata hataza?

Si lazima. Bodi au mahakama inaweza kutengua ukataaji, au kuufuta na kulirudisha shauri lichunguzwe upya kwa maana sahihi, na kwa maana hiyo mkaguzi anaweza bado kuona udhahiri (kwamba uvumbuzi ungemjia kirahisi mtaalamu wa fani) kupitia hati nyingine. Lakini uamuzi wa Bodi ukishakuwa wa mwisho, mkaguzi hawezi kujifungulia ukaguzi upya kwa hiari yake: anahitaji idhini ya maandishi ya Mkurugenzi, iwe kwa mambo ambayo hayajaamuliwa, na kuwe na sababu ya kutosha. Na iwapo rufaa yako imegeuza ukataaji, sheria inakuruhusu kudai muda uliopotea kwenye rufaa uongezwe kwenye uhai wa hataza, siku kwa siku, kwa mipaka iliyowekwa. Kagua hesabu ya siku hizo hataza inapotolewa, kwa sababu ofisi ikikosea, muda wa kuomba zirekebishwe ni mfupi.